Mkao

Lugha yetu ya michezo ina neno ninalolipenda mno: ridhaa. Tunasema ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, na kila msikilizaji wa redio anaelewa. Mtu wa ridhaa hana mkataba wala mshahara. Ameridhia mwenyewe, basi. Hivyo ndivyo walivyo waendesha baiskeli wengi unaowaona Dar es Salaam alfajiri ya Jumapili, taa nyekundu zikiwaka nyuma yao, wakiiwahi barabara ya Bagamoyo kabla malori hayajaamka. Tyubu wananunua wenyewe, viingilio vya mbio wanalipa wenyewe, na Jumatatu asubuhi kila mmoja yuko kazini kwake, mwingine benki, mwingine hospitali, mwingine, kama mimi, mezani anahariri maandishi ya watu. Kazi yangu ni maneno na mapenzi yangu ni baiskeli, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nikisikiliza wenzangu wanakiita nini kila kitu.

Nilichokiona ni kwamba maneno ya chombo chenyewe tunayo ya kutosha. Yanayoonekana kupungua ni maneno ya mtu aliye juu yake: anavyokaa, anavyochoka, anavyojikinga upepo, anavyomsaidia mwenzake. Na hata hayo hayapungui kweli. Yapo kwa fundi cherehani, kwa mwashi na kwa nahodha, ila hatujaenda kuyaomba.

Tuanze na kitendo. Katika maandishi mtu huendesha baiskeli, mtaani anainyonga. "Wewe nyonga, mimi nitakaa kwenye keria." Kuendesha ni neno pana, maana gari huendeshwa na kikao pia huendeshwa. Kunyonga kunadai miguu. Ndani yake mna nguvu na mna kusokota, na anayeupanda mlima wa Pugu kuelekea Kisarawe akiwa ameinuka juu ya pedali, usukani ukiyumba kushoto na kulia chini ya mikono yake, anafanya kile hasa ambacho neno linasema. Tena nyonga ni jina la kiungo, pale paja linapoungana na kiuno, na mguu mzima hupata nguvu zake kutokea hapo. Ukitaka kujua kama mtu amekaa vibaya juu ya baiskeli, usihangaike na miguu. Mfuate nyuma uzitazame nyonga. Zikiyumba upande huu na upande ule kila pedali inaposhuka, kiti kimekuwa juu mno na mguu unaitafuta pedali mahali usipoifikia.

Maneno ya chombo yametengenezwa na mafundi, nayo hayahitaji kurekebishwa na yeyote. Fremu, ringi, spoki, habu, cheni, breki, madigadi, friwili: yalikuja pamoja na vyuma, yakapewa irabu mwishoni, yakawa yetu. Katikati yake yamekaa maneno ya zamani. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa baiskeli. Kinachojazwa kwenye tyubu ni upepo. Hakuna anayesimama mbele ya fundi akaomba hewa. Mtazame fundi akiifungua habu ya nyuma ya baiskeli ya Phoenix chini ya mwarobaini. Anatandika gazeti, analaza gurudumu, na gololi zinadondoka moja moja, 9 upande huu na 9 upande ule, zimeganda kwenye girisi iliyokwisha kuwa nyeusi. Anazifuta kwa kitambaa, anazizungusha kiganjani akizitafuta zilizoliwa, anapaka girisi mpya na kuzipanga tena kwa ncha ya bisibisi. Akishafunga, anashika ringi na kuitikisa kidogo kushoto na kulia. "Bado inacheza," anasema, kisha anaikaza nati kidogo sana, anatikisa tena. Kucheza: ulegevu mdogo wa chuma ndani ya chuma, ule ambao jicho halioni na vidole vinausikia. Neno hilo lilipatikana kazini, mikono ikiwa na girisi.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau wanaounda istilahi mezani. Baraza la Kiswahili la Taifa linafanya kazi hiyo tangu 1967, na baadhi ya maneno rasmi yameshika vizuri. Kishikwambi kilionekana kigeni hadi Sensa ya 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Sasa mwalimu wa shule ya kijijini anakitaja bila kujiuliza. Watu walikishika kitu, neno likafuata. Majirani zetu nao wamekwenda njia zao. Lubumbashi baiskeli ni kinga, Burundi ni ikinga, na mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wabeba abiria wa baiskeli ndio waliotupa boda boda, neno ambalo pikipiki zililirithi baadaye na kulitembeza Afrika Mashariki nzima.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike. Waendeshaji wengi wa ridhaa wamekwisha kujua kwamba baiskeli hupimwa kwa mwili wa mtu: urefu wa miguu, wa kiwiliwili, wa mikono, upana wa mabega, kiasi gani mgongo unakubali kuinama. Lakini wakilizungumza hili hubadili lugha. Sentensi inaanza kwa Kiswahili, ikifika hapa inageuka Kiingereza hadi mwisho. Nimesikia kutoshea, nimesikia kufiti, nimesoma mahali ulinganifu wa baiskeli na mwendeshaji. Kufiti sina ugomvi nalo. Ila fundi cherehani analo neno siku zote. Shati likitua sawasawa mabegani wala lisivute kwapani, tunasema limemkaa mtu. Lisipomkaa litambana au litampwaya. Basi na baiskeli imkae mtu, au imbane, au impwaye. Fremu kubwa inapwaya: mikono imenyooka hadi viwiko vinakakamaa, shingo inachoka kabla ya miguu. Fremu ndogo inabana: magoti yanakaribia viwiko, mgongo umejikunja, pumzi haipati nafasi. Na hali nzima hiyo, ya mwili na ya chombo kwa pamoja, jina lake ni mkao. Mkao tayari ni namna mtu alivyoketi na alivyojiweka. Hapa unashika pande zote mbili kwa mpigo, kwa kuwa mtu anaikalia baiskeli na baiskeli inamkaa mtu. Anayeupima mkao huo ni fundi wa mkao.

Kipimo chake huanza kama cha suruali. Unasimama peku, mgongo ukutani, kitabu kimebanwa katikati ya mapaja na kusukumwa juu hadi kwenye msamba, kisha unapimwa kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883, upate umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilienea kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, na kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Mwenye mguu wa sm 80 anapata sm 70.6, na hapo ndipo anapoanzia. Baadaye fundi hupima pembe ya goti pedali ikiwa chini kabisa; wengi hutaka goti libaki limekunjwa nyuzi kati ya 25 na 35. Asiye na fundi anayo njia ya kisigino: ukae juu ya kiti, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na goti linyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukihamishia pedali mbele, chini ya kitako cha vidole, goti litakunjika kiasi kinachotakiwa.

Hapo uashi unaingia. Kiti husawazishwa kwa pimamaji, ile ile ya kupangia matofali. Kukipeleka mbele au nyuma kwenye reli zake ni kazi ya timazi: krenki zikiwa zimelala sambamba na ardhi, uzi unaning'inizwa kutoka mbele ya goti, chini kidogo ya pia yake, na kitonge chake kinatakiwa kipite karibu na katikati ya ekseli ya pedali. Mafundi wengi wa siku hizi hawaipi tena timazi hukumu ya mwisho, nami nawaunga mkono, maana goti la mtu anayenyonga linasukuma kwa duara na uzi unaoning'inia hauna habari na duara. Kwa kuanzia, hata hivyo, inafaa. Ninachofurahia ni kwamba mwashi yeyote wa Mbagala ukimwambia ashushe timazi kutoka pia ya goti hadi kwenye pedali, atafanya bila kuuliza swali.

Katika eneo hili lipo neno moja linalotuponza, nalo ni hilo hilo kiti. Kiti ni cha kuketia kwa uzito wote, ndiyo maana mgeni wa mchezo akiumia hukimbilia kununua kiti kipana chenye sponji nene. Baada ya saa mbili anaumia zaidi. Sponji imezama chini ya mifupa miwili ya makalio na kuvimba katikati, inakandamiza nyama laini na mishipa ya damu. Juu ya baiskeli ya mbio uzito hugawanywa kati ya makalio, viganja na nyayo, na kadiri mtu anavyonyonga kwa nguvu ndivyo nyayo zinavyobeba zaidi. Ningependa tuseme tandiko. Punda hutandikwa, farasi hutandikwa, na anayempanda mnyama anajua kwamba hakuja kustarehe kwa makalio peke yake. Mafundi wataendelea kusema siti, na ni haki yao. Mimi nikiandika kwa ajili ya mtu anayeumia, nitaandika tandiko.

Kwa upande wa maumivu Kiswahili ni tajiri. Kuna kuchubuka, kukaza, kuchoma, kuvuta, na kuna kufa ganzi, ambako si maumivu bali ni kutoweka kwa kiungo. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, vikifa ganzi, fundi wa mkao hakushauri ununue glovu. Anajua kwamba mshipa wa fahamu unaopita upande ule wa kiganja umebanwa na usukani, naye anaanza kutafuta sababu nyuma: pengine usukani uko mbali au chini mno, pengine pua ya tandiko imeinama na mwili wote unatelezea mikononi.

Aliyeyajua haya kwa gharama kubwa ni Eddy Merckx wa Ubelgiji. Septemba 1969, katika mbio za uwanjani mjini Blois, Ufaransa, ilitokea ajali iliyomuua Fernand Wambst, dereva wa chombo cha mota kilichokuwa kikimwongoza. Merckx alipona, lakini nyonga zake hazikurudi sawa. Alishinda Tour de France mara 5 na mara 4 kati ya hizo ni baada ya ajali ile, ila milimani, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwa tena mtu yule yule. Alijulikana kwa kurekebisha kimo cha tandiko katikati ya mbio, alenki mkononi, akipandisha kidogo na kushusha kidogo. Mtu aliyewashinda wote alikuwa anautafuta mkao wake barabarani.

Kuhusu upepo, pwani imekwisha kufanya kazi yote. Pepo zetu zina majina na majira: kaskazi tangu Desemba hadi Machi, kusi katikati ya mwaka. Julai ukienda Bagamoyo unasukumwa mgongoni na kujiona bingwa; safari yenyewe ni kurudi. Mabaharia wanazo pepo za omo, yaani zinazokipiga chombo usoni, omo ikiwa sehemu yake ya mbele. Mwendesha baiskeli anayerudi Tegeta saa nne asubuhi mwezi huo, kidevu kimekaribia usukani, kasi imeshuka na mapafu yanawaka, yuko kwenye pepo za omo kwa maana kamili ya neno.

Januari mambo hugeuka. Kaskazi inatoka upande wa bahari na kukupiga ubavuni kulia unapopanda kaskazini. Hapa mabaharia wana maneno mawili ambayo waendeshaji wa Ubelgiji na Uholanzi, nchi za upepo wa ubavuni, wangeyatamani: goshi na demani. Goshini ndiko upepo unakotoka. Demani ndio upande uliokingwa. Upepo ukitoka kulia, wa nyuma asikae nyuma kabisa ya mwenzake, asogee demani yake, kushoto na nyuma kidogo, na anayefuata asogee demani ya huyo, hadi mstari unakatiza barabara kwa mshazari. Shida ya barabara ya Bagamoyo ni kwamba kushoto ndiko lami inakoishia. Wawili au watatu wanapata demani, walio nyuma yao wanabaki wamejipanga ukingoni, kila mmoja na upepo wake, na huko ndiko watu wanakoachwa. Anayejua maneno haya anaweza kupiga kelele moja tu, "Demani!", na kundi likahama. Sijapata amri fupi kuliko hiyo.

Kukaa nyuma ya mwenzako akukatie upepo tunakuita kujibanza, na si aibu. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima, kwa kompyuta na kwa handaki la upepo, kundi la waendeshaji 121, wakakuta kwamba aliye katikati kuelekea nyuma hukabili asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa ambao angeukabili akiwa peke yake kwa kasi ile ile. Aibu ni kujibanza siku nzima bila kupokea zamu mbele. Huyo tunamwita anayebebwa, neno tulilolitoa kwenye mpira.

Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Niliitazama siku ya wanaume nikiwa na daftari, nikijaribu kuyatangaza mashindano kimoyomoyo kwa Kiswahili: km 267.5, mlima juu ya mlima, kipande cha mawe pale Kimihurura, na waliofika mwisho 30 tu. Tadej Pogačar alipoondoka kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki zaidi ya km 100, sikuandika kwamba ameshambulia. Kushambulia ni kwa adui, tena kunahitaji mtu wa kupigwa. Niliandika amechomoka, kama asemavyo mtangazaji wa mpira winga anapowaacha mabeki. Wale aliowaacha ni kundi. Msafara niliyawekea magari, pikipiki na mafundi wenye magurudumu ya akiba. Mwepesi wa milimani, asiye na nyama ya ziada kifuani, nilimwita mkwezi, jina la mtu anayeupandisha mwili wake mwenyewe juu ya mnazi. Wa mwisho, ambaye Wafaransa humwita kwa jina la taa nyekundu ya behewa la nyuma, kwetu ameshika mkia, na kila aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matokeo ya shule anajua uzito wake.

Nililochelewa nalo ni jina la yule anayejitoa kwa ajili ya kiongozi wake: anayerudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji na kuzijaza mgongoni ndani ya jezi, anayempa gurudumu lake, anayekata upepo hadi aishiwe kisha anaachwa. Wafaransa wanamwita kwa neno la mtumishi wa nyumbani. Lilianza kama tusi: mwaka 1911 Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alimrushia Maurice Brocco kwa kumtuhumu kuuza msaada wake kwa mshindani. Leo ni cheo cha heshima. Nimechagua mpambe. Bibi harusi ana mpambe, Rais ana mpambe, afisa aliyesimama wima nyuma yake. Najua siasa imelichafua, na wapambe wa mgombea ni watu wa kupiga makofi kwa posho. Lakini mpambe wa Rais bado anasimama pale pale kwa heshima zake, na neno la Kifaransa lilitoka chini zaidi ya hapo likanyanyuka.

Kuhusu kuchoka nitasema kwa ufupi. Watangazaji wanasema amekata pumzi, na ni sahihi kwa anayehema. Ila ipo hali nyingine ambayo pumzi ipo na miguu haipo. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini humtosha mtu anayenyonga kwa nguvu kama saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, mikono inatetemeka, macho yanapoteza nia, na mlima mdogo wa Bunju unakuwa ukuta. Huko ni kukata moto. Tende, ndizi mbivu au kashata iliyoliwa nusu saa kabla ingezuia. Ikiliwa baada ya hapo inakufikisha nyumbani tu.

Bado sina amani na neno la mwendo wa miguu, idadi ya mara ambazo krenki zinazunguka kwa dakika, ambayo wengi wazoefu huiweka karibu na 90. Wenzangu wanapendelea mapigo, kwa kuwa lina ngoma ndani yake na anayenyonga vizuri kweli anasikia ngoma. Mimi nimeshika mizunguko. Mapigo tumekwisha kuyapa moyo, na kwenye kioo kidogo kilichofungwa juu ya usukani namba hizo mbili hukaa jirani.